Kelele za Kubeba Kwenda Kwenye Barafu

Sekela wangu, mtega maji,

Kabla hujaanza kucheka mwandiko, kumbuka kwamba mkono huu umeshusha mafriji ya nusu ya mtaa wa Thorncliffe Park, na nusu nyingine inanisubiri. Mkono uliozoea kabati haushiki kalamu kama mkono wa karani. Halafu kidato cha pili nilikiacha kikiwa bado kinanihitaji, hilo unalijua, maana nalisimulia kila Krismasi. Kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iache ilale. Imechoka.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, kidole kwenye mstari, na ndivyo ninavyotaka. Huko kaskazini unakokwenda simu haishiki, siku ni ndefu, na barua fupi ingekuishia kabla meli haijatoka bandarini. Ukinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, nitajifanya sijaelewa mpaka mama yako anitafsirie, na mama yako naye atanitafsiria anayoyataka yeye.

Mambo ya soksi, dawa ya kichefuchefu na mafuta ya midomo sitayagusa. Mama yako ameyamaliza, mbele na nyuma ya karatasi, na ameyapigia mistari. Mimi kwenye habari za baridi sina heshima yoyote. Nilitoka Tukuyu nikijua nimemaliza baridi yote ya duniani. Nikashuka hapa Toronto mwezi wa kwanza, koti la suti, viatu vya ngozi vinavyong'aa, nikamwambia mjomba wako Ambakisye aliyekuja kunipokea, "Shemeji, hii ndiyo baridi mnayoilalamikia? Kwetu hali ya hewa hii tunaanikia nguo." Tulipofika kwenye gari nilikuwa siyasikii masikio yangu mwenyewe. Kwa hiyo kuhusu nguo, msikilize mama.

Mimi nataka tuongee kuhusu kelele.

Unakumbuka ile siku uliyorudi kutoka mazoezini ziwani? Uliingia, ukakaa mezani na koti lako, hukugusa chakula. Ilikuwa ni samaki, tena nilimpika mimi, kwa hiyo nikajua kuna msiba.

"Baba, kifaa kimeanguka."

"Umekiangusha?"

"Hapana. Nilikiona kinataka kuanguka."

Kwanza sikuelewa. Nikadhani ni mambo ya chuo, kwamba huko mtu anafeli hata kwa kuona. Ndipo ukanieleza. Mlikuwa kwenye boti, mnajifunza kushusha na kupandisha vile vifaa vyenu. Kwenye winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, alikuwepo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mkubwa kuliko mimi. Kifaa kikanyanyuliwa. Wewe ukaona ile pini kwenye pete ya kuungia kamba imelegea, inatoka, inatoka. Mtu mwingine yeyote pale angepiga ukelele. Wewe ukasogea mbele kidogo, ukaunganisha mikono kama uko kanisani, ukaanza, "Samahani sana, bwana, kama hutajali, naomba kuuliza..."

Sekela! Ulipofika kwenye samahani kifaa kilikuwa hewani. Ulipofika kwenye naomba kuuliza, kilikuwa kimeshajijibu chenyewe sakafuni, hatua moja kutoka mguu wa mwenzako.

Najua huu si utani kwako. Mkuu wenu, yule mama mwenye nywele fupi, alikuita pembeni. Hakukufokea, na wewe ulisema hilo ndilo lilikuuma zaidi. Alikwambia kwenye meli yeyote anayeona hatari anapiga kelele kusimamisha kazi, awe mpishi, awe nahodha. Akakwambia mtafanya mazoezi siku ya kwanza bandarini, na kama sauti yako haitatoka, wewe utakaa ndani na kompyuta. Nje sitahani hutakanyaga. Kamba yako itavutwa na wengine.

Kamba yako! Ile uliyoifunga kwa mikono yako mwaka jana, ukirudi nyumbani vidole vimechubuka na mimi nakutambia, "Sasa ndiyo unafanana na baba." Wenzako wakaenda kuitumbukiza, ikasimama wima ndani ya maji, nanga chini, maboya juu, vipimo vyako katikati kama samaki kwenye mshikaki, na barafu ikafunga juu yake. Mwaka mzima imesimama huko gizani inasikiliza joto na chumvi na mwendo wa maji. Sasa ndiyo zamu ya kuitoa, na wewe ndiye unayeijua kila fundo. Halafu uitazame ikitoka kupitia dirishani, kama mtoto wa watu anayeangalia harusi ya jirani?

Nilikuuliza, "Sasa kwa nini hukupiga kelele?"

Ukanijibu, na jibu lako limekaa kwenye koo langu tangu siku hiyo, zaidi ya mwiba wa yule samaki. "Baba, alikuwa mtu mzima. Ningemkaripiaje?"

Mimi, mtu ninayeweza kubishana na lifti iliyoharibika, nilivuta sahani yako. Nikala samaki wako.

Sasa sikiliza. Kama kuna kosa katika malezi yako, ni kwamba nilifanya kazi nzuri kupita kiasi. Watoto wa wenzangu hapa wanapita mbele ya wageni na waya masikioni. Wewe ulikuwa unasalimia hadi picha za marehemu. Shikamoo na goti linakunjwa kidogo, macho chini, na mkubwa akikosea humwambii amekosea. Unamuuliza swali, analiona kosa mwenyewe, uso wake unabaki mahali pake. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyokulea, na nilijisifu sana. Ulikuwa ndiyo cheti changu, maana kingine sina.

Unaikumbuka safari ya Barrie? Huwezi kusahau. Tulikuwa tunakwenda harusini Markham, wewe ukiwa na miaka saba, umevaa gauni la njano. Mama yako akasema mapema, "Baba Sekela, nadhani tulitakiwa kukata pale." Nikamjibu, "Nani anaendesha?" Akanyamaza. Na mama yako akinyamaza, ananyamaza kama mlango wa benki. Nikaendesha. Majengo yakapungua. Miti ikaongezeka. Mimi nawaeleza jinsi Markham inavyokua kwa kasi, eti wanajenga mpaka huku msituni. Mama yako anaangalia nje na mkoba wake mapajani. Mpaka sauti ndogo ikatoka kiti cha nyuma:

"Baba, samahani. Hivi Markham kuna ziwa?"

Nikatazama. Bwana we, ziwa la Barrie hilo hapo, mji mwingine kabisa, na maboti juu yake.

Tulifika harusini watu wanakunja viti. Na mimi nikafanya nini? Badala ya kuona aibu, nikakushika mkono, nikakupitisha meza kwa meza. "Mnamwona huyu? Hakuniambia baba umepotea. Ameniuliza kama kuna ziwa! Hiyo ndiyo adabu." Watu wakakupa keki. Mjomba wako akakupa vipande viwili. Wewe ulikuwa umesoma vibao vyote vya barabarani tangu tulipoondoka, uliniambia baadaye. Ulijua kabla yangu, labda hata kabla ya mama yako. Na mimi nikakulipa keki kwa kuchelewa kusema.

Nimelifikiria jambo hilo sana siku hizi. Mtu mwenye sauti kubwa kama mimi anajenga ukimya kuzunguka kwake halafu anauita heshima. Mama yako hakunyamaza kwa sababu hakujua njia. Alinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajaza gari lote.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazini nilikuwa najua. Kabisa! Unamkumbuka Papa Lukusa, yule Mkongo tuliyebeba naye vitu miaka mingi, anayevaa tai hata akibeba godoro. Wiki yangu ya kwanza tulikuwa tunashusha jokofu kwenye ngazi, lifti ya jengo imegoma. Mimi juu, yeye chini. Kijana aliyekuwa ameshika mlango akasema, "Chini!" Nikamtazama hivi, kutoka kichwani hadi viatuni. Yule mtoto ananiamrisha mimi? Nikaendelea kubeba. Mkanda wa kubebea ulikuwa umeachia upande wangu, kijana ameuona, mimi sijauona kwa sababu nilikuwa nautazama umri wake. Hiki kidole changu cha pete kilichopinda, ninachokudanganya tangu utotoni kwamba kilipindwa na simba, kilipindwa na jokofu. Samahani kwa simba.

Papa Lukusa alinifunga kidole kwa tai yake. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake, "Ndugu, ngazi haijue miaka yako. Ngazi haiambiwe shikamoo. Mutu akisema chini, unaweka chini. Kisha ndiyo munagombana, mukiwa wazima."

Basi tangu siku hiyo, neno letu ni hilo. Chini! Alisemaye awe mzee, awe ameanza kazi asubuhi ile ile, kitu kinawekwa. Mara nyingi hakuna hatari yoyote, mtu ameona kivuli tu. Tunacheka, tunanyanyua, tunaendelea. Hakuna anayeulizwa kwa nini ulipiga kelele bure. Nimepigiwa kelele na vijana ambao nina viatu vilivyowazidi umri, na nikaweka chini, na kila jioni nikarudi nyumbani na vidole vyote, pamoja na cha simba.

Lakini nilikuwa nikifika mlangoni hapa, navua viatu, na lile neno nalivua pamoja na viatu. Kazini mimi ni mtu wa ngazi. Nyumbani nilikuwa mzee wa kwetu. Sikukuletea lile neno hata siku moja. Nilikuletea chokoleti.

Ndiyo maana Jumapili hizi tatu nimekuwa nikikusumbua sebuleni na lile kochi. Mama yako anasema nimerukwa na akili. Mimi nakokota kochi kuelekea televisheni, wewe unatakiwa kunisimamisha.

"Baba, acha basi."

"Sijasikia."

"Baba, acha, tafadhali."

"Hiyo unaomba chumvi! Televisheni inakufa, Sekela! Televisheni ya watu!"

"Acha!"

"Jirani amegonga ukuta?"

"Hapana."

"Basi bado."

Na mama yako kwenye kiti anacheka mpaka anafuta machozi, anasema, "Mwache mtoto, sauti yote ya nyumba hii umeichukua wewe, atapiga na nini?" Alisema kwa mzaha. Mimi usiku huo sikuuona mzaha.

Lakini sitakupotezea muda na huzuni, kwa sababu sina wasiwasi. Nimekutambia kwa watu wengi mno, wasiwasi sasa ungenigharimu. Nimewaambia wote kazini kwamba binti yangu anakwenda kaskazini kuyauliza maji ni nani anayeila barafu kutoka chini. Papa Lukusa akauliza, "Na maji yanajibu?" Nikamweleza habari ya maji ya uvuguvugu yanayotoka bahari nyingine yakapita chini ya maji baridi, kimya kimya, bila juu kuonekana chochote. Nilieleza kama profesa, mkono mmoja mfukoni. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekusikia ukiongea na simu bafuni. Nikamwambia pia jinsi mnavyoitoa ile kamba. Kwamba chini kule, juu kidogo ya nanga, kuna ndoano yenye sikio. Meli inakaa juu, mnaiita kwa mlio majini, nayo ikisikia jina lake inafunguka, inaiacha nanga, kamba yote inapanda na maboya yake. Mwaka mzima chuma kimekaa kinasubiri kuitwa. Papa Lukusa akatikisa kichwa akasema, "Basi ni kazi ya watu wenye sauti." Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Hata hivyo nisikudanganye kama kwenye habari ya simba. Wapo watakaokununia. Yule mzee wa winchi, au mwingine kama yeye, atakuona mdogo, mweusi, mwanamke, sauti imekutoka kwa kitu ambacho pengine hakikuwa kitu. Atakutazama kutoka kichwani hadi viatuni. Mimi nautambua mtazamo huo, nimeutumia. Mwache atazame. Uso wake ukipotea siku moja atauokota kesho yake kwenye chai. Mguu hauokotwi kwenye chai.

Na wewe nawe siku moja utakuwa na sauti kubwa, utakuwa mkuu, utakuwa na nywele fupi. Siku hiyo usijaze gari lote. Ukiona vijana wako wanakuuliza kama Markham kuna ziwa, jua umepotea zamani.

Naona mjomba wako amefika na gari lake jipya, eti letu ni dogo kwa sanduku lako. Mnaniita nishuke. Nakuja, nakuja. Mizigo bila mimi haijui njia.

Haya. Nimerudi. Naandika mbiombio, kwa hiyo herufi zitazidi kulala.

Najua ulikuwepo. Lakini nataka nikuandikie ulivyofanya, kwa sababu naona wewe bado hujajua umefanya nini. Umepanda juu ukaenda moja kwa moja kuoga, na mama yako ananiuliza kwa nini nacheka peke yangu.

Mjomba wako aliegesha kwenye ule mteremko wa gereji ya chini, pua ya gari juu, mgongo chini kuelekea kwenye nguzo. Nikalitia sanduku lako ndani peke yangu. Peke yangu, andika hilo. Nikasogea pembeni kuwaeleza siri ya kunyanyua ni magoti. Mjomba wako akabaki nyuma ya gari, anasukuma sanduku liingie vizuri, mgongo wake kwa nguzo. Mimi naongea. Yeye anasukuma, huku ananibishia kuhusu magoti. Na gari likaanza kurudi. Polepole, Sekela, polepole kama paka. Breki ya mkono hakuivuta, mwenye gari jipya. Mimi, bingwa wa ngazi, sikuona kitu, nilikuwa nawaonyesha goti.

"MJOMBA, TOKA!"

Ee Mungu wangu. Sikujua una kifua hicho. Ile gereji yote iliitika. Yule baba aliyekuwa anapita na mifuko ya sokoni aliweka mifuko chini na kunyanyua mikono juu. Mimi niliruka, na mimi sikuitwa. Na mjomba wako, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajaharakishwa tangu aondoke Mbeya, aliruka upande kama mbuzi. Gari likaja likabusu nguzo, ko.

Mjomba wako akavuta pumzi, akarekebisha koti, na hasira ikamfika kabla ya woga. "Sekela! Toka? Mimi naambiwa toka? Kama kuku jikoni?"

Nilitaka kukusemea, mdomo ulikuwa wazi tayari, unanijua. Nikaufunga. Na wewe hukuomba radhi. Nilikuwa nasubiri samahani yako, ile ndefu, na haikuja. Ulizunguka gari, ukasimama mbele yake, ukakunja goti kama nilivyokufundisha, macho chini.

"Shikamoo, mjomba."

Akageuka akaitazama nguzo. Akapatazama pale alipokuwa amesimama, kati ya nguzo na gari, ambapo sasa hata biblia yake isingepita. Kisha akakushika kichwa kwa mikono miwili.

"Marahaba, mama," alisema. "Marahaba sana."

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Adabu haikufa pale gereji. Ilipisha tu mguu wa mtu mzima upite kwanza, halafu ikafuata nyuma, na goti lake limekunjwa vizuri kuliko siku zote. Huyo mama mwenye nywele fupi akikuuliza bandarini kama sauti yako inatoka, usimweleze. Mwonyeshe. Kisha kaivute kamba yako kutoka chini ya barafu, na kila mguu ulio sitahani urudi na mwenyewe.

Mimi ni baba yako, ambaye leo naye aliruka.